Diski Mpya kwa 486 ya Shangazi: Kufunga na Kuandaa Kadi ya CompactFlash Hatua kwa Hatua

Kompyuta ya shangazi yangu ilikaa chini ya meza kule Tanga zaidi ya miaka kumi na tano, imefunikwa kanga isiingie vumbi. Ni 486 DX2 ya megahezi 66, RAM megabaiti 8, ndani yake DOS 6.22, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa zama hizo. Aliinunua mwaka 1995 akaanza nayo kazi ya uchapaji: mitihani ya shule za jirani, mihutasari ya vikao vya harusi, risala, nyimbo za kwaya. Nchi yetu ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Marufuku hiyo ilipolegea, mashine za aina hii ndizo zilizowafikia watu wenye ofisi ndogo za kupanga, na ndizo zenye karatasi zao za kwanza. Naumia kila ninapoona moja inavunjwa ili ichomolewe shaba.

Nilipofika, baada ya shikamoo na marahaba, shangazi hakuniuliza habari ya safari.

"Mwanangu, zile nyimbo bado zimo?"

Tulipoiwasha ilihesabu RAM vizuri, ikapiga mlio mmoja, kisha ikaandika kwamba haioni diski. Watu wawili walikwisha kumwambia kabla yangu kuwa diski imekufa. Haikuwa imekufa, ingawa ilikuwa inaelekea huko. Betri ya mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, ndiyo iliyokuwa imekufa, na betri ikifa, mashine husahau diski yake ikoje. Kompyuta ya zama zile haiijui diski yake mpaka iambiwe. Ukilishika hili, kazi yote iliyobaki inafuatana yenyewe.

Mwongozo huu ni wa kompyuta za 386, 486 na Pentium za mwanzo zenye diski ya IDE, yaani ile yenye mkanda mpana wa waya 40. Diski ya zamani tutaibadilisha kwa kadi ya CompactFlash, ile kadi nene ya kamera.

Kwa nini kadi ya kamera

Unaweza kutafuta diski nyingine ya IDE kwa mafundi, na zipo. Lakini nyingi zina umri uleule wa ile uliyonayo. Unatoa mgonjwa unaingiza mgonjwa. Kadi ya CompactFlash, iliyoletwa na SanDisk mwaka 1994, iliundwa izungumze lugha ileile ya IDE. Adapta yake haitafsiri chochote, inapitisha waya tu kutoka pini za kadi hadi pini 40 za mkanda. Kadi haina kinachozunguka ndani, haipati joto na haipigi kelele. Zaidi ya yote, unaweza kuichomoa, ukaiweka kwenye kisoma kadi cha USB, ukanakili mafaili kutoka kompyuta ya leo.

Kadi ndogo huzipati tena madukani kirahisi. Nenda kwa wapiga picha wa harusi waliofanya kazi na kamera kubwa za miaka ya 2000. Wengi wana kopo la kadi walizoacha kutumia. Yangu, ya megabaiti 512, niliipata hivyo. Ilikuwa bado na picha za sherehe ya mtu, nikamnakilia mwenyewe kabla ya kufuta. Fanya hivyo na wewe.

Vingine utakavyohitaji ni adapta ya CompactFlash kwenda IDE ya pini 40, bisibisi ya nyota, flopi ya kuwashia yenye DOS, penseli na daftari. Flopi hiyo iwe na FDISK (ya kugawa diski), FORMAT (ya kuiandaa) na SYS (ya kuhamishia mafaili ya mfumo) ndani yake. Kama huna DOS ya Microsoft, FreeDOS ni ya bure na ina toleo la flopi. Toleo la 1.3 lilitoka mwaka 2022. Utaiandika flopi kwa kutumia flopi draivu ya USB, ambayo inasoma flopi za megabaiti 1.44 bila shida.

Hatua ya kwanza: umeme

Usiruke hapa. Mashine za zama hizo nyingi zina kesi ya aina ya AT, na swichi yake ya mbele si kama ya leo. Waya nne nene zinatoka kwenye pawasaplai hadi kwenye kitufe cha mbele, na zinabeba umeme wa ukutani, volti 230, hata mashine ikiwa imezimwa. Chomoa waya kutoka ukutani kabisa. Kuzima tu hakutoshi.

Kisha tazama nyuma ya pawasaplai. Kuna kiswichi kidogo chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Mashine nyingi zilizoletwa kutoka Marekani zimewekwa 115. Ukiichomeka hivyo kwenye umeme wetu utasikia mlipuko, na harufu yake haitoki chumbani siku hiyo. Kiwe 230.

Kabla ya kushika kitu chochote ndani, gusa chuma tupu cha kesi ili umeme wa mwilini utoke. Usivae sweta la sufu.

Hatua ya pili: betri

Fungua kava na utafute betri kwenye mazabodi. Inaweza kuwa sarafu ya CR2032, na hiyo unanunua mpya dukani unabadilisha. Inaweza kuwa boksi jeusi lililoandikwa Dallas, ambalo lina betri na saa ndani yake kwa pamoja. Au inaweza kuwa kipipa cha rangi kilichochomewa moja kwa moja kwenye ubao, volti 3.6. Hiki cha mwisho ndicho muuaji mkubwa wa mashine za 386 na 486. Kikizeeka huvuja, na maji yake hula njia za shaba za ubao pole pole kwa miaka mingi bila mtu kujua.

Kama unaona ukungu wa kijani au unga mweupe karibu nacho, kikate leo, hata kama huna nafasi ya kufanya mengine. Maji ya betri hii si asidi, ni kinyume chake, kwa hiyo kinachoyapoza ni kitu kichachu. Chovya mswaki wa zamani kwenye siki au maji ya ndimu, sugua taratibu mahali palipoathirika mpaka povu dogo liishe, pangusa kwa maji safi kidogo, halafu malizia kwa spiriti. Acha ubao ukauke siku nzima.

Ubao wa shangazi ulikuwa na ukungu upana wa ukucha wa kidole gumba, karibu kabisa na soketi ya kibodi. Mwaka mmoja zaidi na kibodi isingefanya kazi tena.

Badala ya kipipa, tafuta kwenye ubao pini nne zilizopangwa mstari mmoja, mara nyingi zimeandikwa kuwa ni za betri ya nje. Kishikio cha betri tatu za AA kinafaa hapo. Weka dayodi moja, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye waya wa chanya, ili ubao usijaribu kuzichaji hizo betri, maana zile za kawaida hazichajiwi na zinaweza kupasuka. Betri tatu ni volti 4.5, dayodi inakula kama 0.7, inabaki 3.8, na hiyo inatosha. Kishikio kifunge kwenye ukuta wa kesi mbali na ubao. Kama siku moja zitavuja, zivujie huko.

Hatua ya tatu: tafuta namba za diski ya zamani

Diski yoyote ya IDE ya wakati ule inaelezwa kwa namba tatu: idadi ya silinda, idadi ya vichwa, na idadi ya sekta katika kila duara. Sekta moja ni baiti 512. Ukizidisha zote unapata ukubwa wa diski.

Namba hizi hupatikana kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski. Ya shangazi karatasi ilikuwa imechunika. Lakini nilipogeuza kava la kesi kwenye mwanga, nikaona ndani yake kipande cha utepe wa karatasi, na juu yake penseli imeandika kwa mkono mzuri: 1010, 12, 55. Fundi aliyeiuza mwaka ule aliziacha pale kwa ajili ya mtu asiyemjua. Piga hesabu: 1010 mara 12 mara 55 ni sekta 666,600. Zidisha kwa 512, unapata baiti 341,299,200. Diski ya megabaiti 340. Zinaingiana.

Washa mashine, bonyeza Del wakati inahesabu RAM, uingie kwenye baiosi, yaani programu ya mipangilio iliyomo kwenye ubao wenyewe. Kwenye mashine nyingine kitufe ni F1 au F2. Compaq nyingi za wakati huo hutumia F10, na programu yake ya mipangilio imekaa kwenye sehemu iliyofichwa ya diski yenyewe. Kama ni yako hiyo, usiifute sehemu hiyo, na utafute flopi yake ya mipangilio mapema.

Ndani ya baiosi, kwenye ukurasa wa mipangilio ya kawaida, weka diski ya C kuwa aina ya 47, ile ambayo mtumiaji anajaza mwenyewe. Aina ya 1 hadi 46 ni jedwali la kudumu la diski za kale na ni bahati sana kukuta yako humo. Andika silinda, vichwa na sekta. Kuna nafasi nyingine mbili, WPcom na LZone. Diski za IDE hazizitumii, weka sifuri. Hifadhi, toka, acha iwake.

Tulipojaza namba za kwenye utepe, diski ilikwaruza kwa nguvu, ikanyamaza, ikakwaruza tena, kisha ikatokea C na alama yake. Shangazi alipiga vigelegele. Mimi nilizima mashine mara moja.

Hatua ya nne: okoa kilichomo kabla ya lolote

Nilizima kwa sababu diski inayotoa sauti ile ina idadi fulani ya saa zilizobaki na hakuna ajuaye ni ngapi. Usizitumie kufungua faili moja moja kutazama. Zitumie kunakili diski nzima mara moja.

Njia ninayoiamini ni kuihamishia kwenye kompyuta ya mezani ya miaka ya 2000, ambayo bado ina tundu la IDE, ukaiwasha kwa Linux. Zile waya za kubadilisha IDE kuwa USB mara nyingi hazizielewi diski za zamani sana. Zinategemea namna ya kuhesabu sekta iliyokuja baadaye. Kwa hiyo diski isipoonekana kwenye USB, usihukumu kwamba imekufa.

Ndani ya Linux tumia ddrescue, programu ya kunakili diski zinazokufa. Hakikisha kwanza kwa lsblk ni jina gani diski imepewa, kisha:

ddrescue -n /dev/sdb diski.img diski.map

Mzunguko huu wa kwanza unachukua vyote vilivyo vizuri na kuziruka sehemu zenye shida. Ukimaliza, rudia kwa kuzisumbua zilizobaki mara tatu:

ddrescue -r3 /dev/sdb diski.img diski.map

Faili ya diski.map ndiyo kumbukumbu ya kazi. Umeme ukikatika, na kwetu hukatika, unaendelea ulipoishia. Yetu ilipoteza sekta chache tu, na hazikuwa kwenye folda ya kazi.

Sasa fungua nakala hiyo. Hapa namba za kwenye utepe zinarudi tena. DOS huacha duara la kwanza lote kwa ajili ya jedwali la mgawanyo, na sehemu ya C inaanza duara linalofuata. Duara la diski hii lina sekta 55, kwa hiyo C inaanza sekta ya 55, yaani baiti ya 28,160:

mount -t msdos -o ro,loop,offset=28160 diski.img /mnt/zamani

Diski yako ikiwa na sekta 63, namba itakuwa 32,256. Ukitaka uhakika, fdisk -l diski.img itakuonyesha inapoanzia. Nimeandika msdos badala ya vfat makusudi, ili majina yabaki katika mtindo wa DOS wa herufi nane na tatu.

Nakili kila kitu kwenye folda salama. Weka nakala ya pili mahali pengine. Diski yenyewe ifunge kwenye mfuko usio na umeme tuli, iandike tarehe, uiweke. Usiitupe hata baada ya kufanikiwa.

Onyo moja: ukikuta faili moja kubwa mno iitwayo DBLSPACE.000 au DRVSPACE.000, diski ilikuwa imebanwa na programu ya DOS ili ibebe zaidi, na mafaili yote yamo ndani ya hilo moja. Hapo utahitaji DOS yenyewe kulifungua.

Hatua ya tano: kwa nini megabaiti 512 na si gigabaiti 32

Baiosi ya zamani inaweza kuhesabu silinda 1024, vichwa 256 na sekta 63. IDE yenyewe inaweza silinda 65,536, vichwa 16 na sekta 255. Kila upande peke yake una nafasi kubwa. Lakini mzigo lazima upite milango yote miwili, na kila mlango una pembe yake nyembamba. Kinachopita ni 1024 kwa 16 kwa 63: baiti 528,482,304, au megabaiti 504 kwa hesabu ya kompyuta. Huu ndio ukuta wa kwanza, na mashine nyingi za kabla ya mwaka 1994 hazivuki.

Kadi ya "512" imepimwa kwa hesabu ya madukani, baiti milioni 512 na kidogo, hivyo inapita chini ya ukuta kwa nafasi ndogo sana. Kwa 486 hakuna kadi inayokaa vizuri zaidi ya hiyo.

Mashine za Pentium kuanzia katikati ya miaka ya 1990 zina mfumo wa LBA, wa kuhesabu sekta kwa namba moja tu badala ya tatu, na zinavuka. Ukuta wao unaofuata ni gigabaiti 8.4. DOS 6.22 nayo haiwezi sehemu moja kuzidi gigabaiti 2. Kwa hiyo hata kwenye Pentium, kadi ya gigabaiti 2 au 4 inatosha kabisa, na kila unapokuza sehemu, kila faili dogo linakula zaidi. Kwenye sehemu ya gigabaiti 2, barua ya mistari mitano inachukua kilobaiti 32. Kwenye yetu inachukua 8.

Ukikosa kabisa kadi ndogo, weka kadi kubwa na ujaze kwa mkono 1024, 16, 63. Utatumia megabaiti 504 za mwanzo, zilizobaki zitalala. Baiosi nyingine hukwama hapo hata ukijaza kwa mkono. Dawa yake ni XTIDE Universal BIOS, programu ya bure inayochomwa kwenye chipu na kuwekwa kwenye soketi tupu ya kadi ya mtandao. Inafanya kazi vizuri sana, lakini ni somo la siku nyingine.

Hatua ya sita: kufunga

Kazi hii ni ya dakika kumi. Weka jampa ya adapta (kile kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili) kwenye nafasi ya bwana, yaani master, maana kadi itakuwa peke yake. Adapta nyingi zina jampa nyingine ya volti 3.3 au 5. Kadi zinakubali zote mbili, mimi huacha 5.

Mkanda wa IDE una ukingo mwekundu upande mmoja. Huo ndio upande wa pini ya 1, kwenye adapta na pale mkanda unapochomekwa upande wa pili, iwe kwenye kadi ya ziada au mazabodi. Mikanda ya zamani haina kiziba cha kukuzuia kugeuza, kwa hiyo tafuta namba 1 iliyochapwa kwenye ubao kwa tochi. Ukigeuza, taa ya diski itawaka moja kwa moja bila kuzima na mashine haitaendelea. Hakijaungua kitu kwa kawaida. Zima, geuza, endelea. Mkanda usizidi sentimita 45.

Plagi ya umeme ya pini nne ina waya wa njano wa volti 12, mwekundu wa volti 5, na weusi wawili. Adapta inataka ule mwekundu. Adapta nyingi hutumia plagi ndogo kama ya flopi, na hiyo huchomekeka vibaya kirahisi ukilazimisha, kwa hiyo itazame kwanza.

Usiiache adapta inaning'inia. Ifunge kwenye kipande cha plastiki au mbao nyembamba, pini za chini zisiguse chuma cha kesi. Kama umeamua kutumia diski halisi badala ya kadi, tumia skrubu zake fupi zenye nyuzi nene. Ndefu hugusa ubao wa ndani na kuiua.

Hatua ya saba: iambie baiosi

Ingia tena kwenye baiosi. Zingine zina sehemu ya kutafuta diski zenyewe; ifungue, isubiri isome, itakuletea namba. Kadi yangu ilitoa 993, 16, 63. Ukiulizwa namna tatu, yaani kawaida, LARGE au LBA, kwa kadi iliyo chini ya megabaiti 504 chagua kawaida. Kwa kubwa zaidi chagua LBA. LARGE iache, kila baiosi ina namna yake ya kuifanya.

Ukiisha kuchagua, usibadilishe tena. Diski iliyogawanywa chini ya hesabu moja haisomeki chini ya hesabu nyingine. Kwa sababu hiyohiyo usiifomati kadi kwenye laptopu ukaileta. Ifomatiwe na mashine itakayokaa nayo.

Weka pia flopi iwe ya kwanza kuwashwa, A kabla ya C. Hifadhi.

Hatua ya nane: FDISK, FORMAT, na kosa linalowakamata wengi

Washa kwa flopi ya DOS. Andika FDISK. Kadi ya kamera ina sehemu tayari, iliyotengenezwa na kamera, kwa hiyo ifute kwanza: chagua 3, kisha 1. Itakuuliza jina la diski. Liandike kama linavyoonekana juu, au acha tupu kama halina. Kama FDISK inasema sehemu hiyo si ya DOS, tumia 3 kisha 4.

Sasa chagua 1, tena 1, na ukiulizwa kama unataka kutumia nafasi yote na kuifanya iwe hai, jibu Y. Neno "hai" ni la maana: sehemu isiyo hai haiwaki. Ukijibu N na kugawa mwenyewe, rudi chagua 2 uifanye hai kwa mkono.

Mashine itajiwasha upya. Ikirudi kwenye flopi andika:

FORMAT C: /S

Itachukua dakika kadhaa, inapima kila sekta. Mwishoni itahamisha mafaili ya mfumo. Toa flopi, washa upya.

Na hapa, ukitumia kadi iliyotoka kwenye kamera, kuna uwezekano mkubwa uone skrini nyeusi na kimstari kimoja kinawakawaka juu kushoto, basi. Hakuna ujumbe. Nimeona watu wakibadilisha adapta, wakabadilisha mkanda, wakanunua kadi nyingine. Shida ni ndogo sana. Mwanzoni kabisa mwa diski, kwenye sekta ya kwanza, panatakiwa pawe na programu fupi inayoitafuta sehemu hai na kuiwasha. Kamera haina haja nayo, hivyo haiandiki. FDISK nayo inapoona sekta hiyo ina alama halali ya mwisho, inadhani programu imo, inajaza jedwali tu na kuiacha. Rudisha flopi, andika:

FDISK /MBR

Haitasema chochote. Toa flopi, washa. Itawaka.

Amri hii haimo kwenye vitabu vya DOS, lakini ipo tangu toleo la 5. Usiitumie kwenye diski iliyowekewa programu za kuvusha ukuta wa baiosi kama Ontrack Disk Manager, kwa sababu programu hizo hukaa mahali hapohapo na utazifuta.

Hatua ya tisa: rudisha mafaili

Zima, chomoa kadi, iweke kwenye kisoma kadi cha kompyuta ya Linux. Ifungue nayo kwa -t msdos, kisha nakili yale uliyookoa. Yaache pembeni IO.SYS na MSDOS.SYS, tayari yamo, na DOS inayataka mwanzoni mwa orodha. COMMAND.COM lazima iwe ya toleo lilelile la flopi uliyowashia. Ukiwa na Windows 3.1, faili iitwayo 386SPART.PAR usiihamishe. Ni nafasi ya kubadilishia kumbukumbu tu, Windows italalamika mara moja kisha utaitengeneza upya.

Rudisha kadi kwenye 486. Washa, kisha pima kwa SCANDISK C:. Iache izime na kuwaka mara tatu, na katikati ya hizo ichomoe ukutani usiku kucha. Ikiamka asubuhi bado inajua diski yake, betri yako ni nzima.

Shangazi alivaa miwani, akavuta kiti, akaandika WP bila kuuliza. Skrini ya WordPerfect 5.1 ikaja, buluu tupu. Akabonyeza F5, orodha ikashuka, vidole vinajua njia. Alisimama kwenye faili la KWAYA95.WP, akalifungua, akaanza kuimba kwa sauti ya chini beti ya pili, ile ya sauti ya tatu. Kwa wasio na 486, mafaili hayohayo yanafunguka kwenye LibreOffice ya leo, na tulimwekea nakala kwenye simu ya binti yake.

Kabla sijafunga kava nilichukua penseli. Chini ya 1010, 12, 55, kwenye utepe uleule, nikaandika 993, 16, 63, kawaida, na mwezi na mwaka.